Huduma za Soko na Tija: Somo la Ulaya kwa Watu wa Mzinga



Morogoro ni mji wa viwanda, na hapa katika kata yetu ya Mzinga neno uchumi likitajwa fikra huenda kwanza kwenye mitambo. Mada hii inahusu yanayoizunguka mitambo: biashara ya jumla na rejareja, usafirishaji, mawasiliano, benki, bima, matengenezo. Hizo ndizo huduma za soko, zile zinazouzwa na kununuliwa.

Kati ya 1973 na 1995, tija kwa saa ya kazi katika nchi 15 za Umoja wa Ulaya ilikua kwa takribani asilimia 2.4 kwa mwaka, mbele ya Marekani. Baada ya hapo ikateremka hadi karibu asilimia 1.5, Marekani ikavuka 2. Mwaka 2008 wachumi Bart van Ark, Mary O'Mahony na Marcel Timmer walionyesha kuwa sehemu kubwa ya pengo ilitoka kwenye biashara, fedha na huduma kwa makampuni. Wamarekani walikuwa wametumia kompyuta kupanga upya maghala na mauzo, Ulaya ilichelewa.

Sisi tuna ushahidi mkali zaidi kwamba mitambo peke yake haitoshi. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, kitengeneze viatu milioni 4 kwa mwaka, robo tatu viuzwe Ulaya. Mashine zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Wengi hulaumu jengo: kuta za alumini, hewa haipiti, na joto letu mnalijua. Mimi nauliza jingine: hata lingekuwa jengo zuri, nani angeleta vipuri kwa wakati, nani angesafirisha, nani alikuwa na mnunuzi huko Ulaya?

Swali hilo linamhusu pia mkulima wa milima ya Uluguru. Mama anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani anapoteza tija njiani, si shambani. Bodaboda imempunguzia mwendo. Pesa kwa simu, zilizoingia nchini 2008, zimempunguzia hatari ya kutembea na noti. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, inamleta mnunuzi haraka, ingawa treni ya abiria haibebi kabichi.

Limebaki suala la dalali na la lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Dalali hutukanwa bure, kwa maoni yangu. Kutafuta mnunuzi ni kazi halali. Ubaya ni kwamba anakutana na mkulima asiyejua bei ya soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na asiye na mzani, na gunia linashonewa kilemba juu mchana kweupe.

Kwa hiyo naiomba kamati ya maendeleo ya kata, kabla ya kuomba kiwanda kingine, iweke kwenye bajeti mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ubao wa bei za kila siku na ghala dogo kando ya barabara.