Vumbi la Mererani na Vifua vya Vijana Wetu



Tangu tanzanaiti igunduliwe Mererani mwaka 1967, vijana wa miteremko ya Meru wamekuwa wakiacha kahawa na kwenda kuitafuta. Weusi wa kinywe wanaorudi nao usoni huoshwa kwa sabuni. Linalotisha zaidi ni vumbi la silika litokalo katika mwamba unaotobolewa ukiwa mkavu. Chembe zake hazionekani kwa macho, wala kitambaa cha puani hakizizuii. Huganda mapafuni, mapafu yakapata makovu yasiyopona, na kifua kikuu kikapata njia. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imewapokea wachimbaji wengi wa namna hiyo.

Dawa ya vumbi ni kutoboa kwa maji. Mererani ni nchi kame, na maji ni gharama. Lakini asipoilipa mwenye shimo, huilipa mzee wa Meru kwa kahawa yake.

Basi, Makatibu, mwanachama akiomba mkopo wa kumtibu mwana anayekohoa, mwulizeni kama kijana amepata kuchimba. Amweleze mganga hivyo, hata ikiwa aliacha miaka mingi iliyopita. Na kabla ya kuandika mkopo, ajue kwamba dawa za kifua kikuu katika hospitali za Serikali hutolewa bila malipo.