Chipu Mwilini mwa Mtoto: Je, Ingemlinda?

[Muziki wa kufungua kipindi, sekunde 20, kisha unashuka]

Nyinyi mlioko Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke, na nyinyi wakimbizi mnaoishi hapa mjini Kigali, karibuni. Mazungumzo ya leo yanawahusu wazazi na wote wanaolea watoto: bibi, shangazi, na dada mkubwa aliyebaki na wadogo zake.

Siku hizi kwenye simu inazunguka habari ya chipu. Inasemwa ni kidude kidogo kinachotiwa chini ya ngozi ya mtoto kwa sindano, kisha mzazi anafungua simu na kuona mtoto yuko wapi. Wengine wanauliza kitafika lini kambini. Wengine wanasema hicho ni cha shetani, tusikizungumzie. Sisi tutakizungumzia, kwa sababu anayeuliza ana haki ya kuuliza. Mzazi aliyemwachia mtoto mkono katika msongamano mpakani, risasi zikilia nyuma, akamtafuta siku tatu, huwezi kumcheka akitamani kitu kama hicho.

Kwanza tujue kitu chenyewe ni nini.

Chipu inayotiwa chini ya ngozi ipo kweli. Ukubwa wake ni kama punje ya mchele. Huko Ulaya na Marekani wanaitumia sana kwa mbwa na paka. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliruhusu chipu ya namna hiyo itumike kwa binadamu, ili daktari apate namba ya mgonjwa. Haikudumu sokoni. Lakini sikilizeni vizuri: chipu hiyo haina batri na haitumi habari yoyote. Ndani yake mna namba tu. Ili namba isomwe, mtu lazima asogeze mashine karibu kabisa na ngozi. Mbwa akipotea, chipu haisemi yuko wapi. Inasema ni mbwa wa nani, baada ya mtu kumwokota.

Kinachoonyesha mahali mtu alipo ni GPS, ile iliyo kwenye simu. Simu inapokea mawimbi kutoka kwenye satelaiti zilizo juu angani, kiasi cha kilomita 20,000, inapiga hesabu, inajua iko wapi. Kisha ni lazima itume habari hiyo kwa mzazi kupitia mtandao wa simu. Kwa hiyo inahitaji batri inayochajiwa, antena, na mtandao. Vitu hivyo havijaingia kwenye punje ya mchele. Mwaka 2002 kule Uingereza, baada ya wasichana wawili wa miaka 10 kuuawa katika mji wa Soham, familia moja ilitangaza kwamba inataka binti yao atiwe kifaa mwilini ili aonekane popote alipo. Nchi nzima ilibishana. Mpango haukutimia.

Basi mtu akikufikia kambini akakuambia anauza chipu ya kumfuatilia mtoto, toa kidogo leo, utamalizia kesho, huyo anataka pesa zako. Na akitaka kumdunga mtoto sindano, mtaarifu kiongozi wa kijiji chako na polisi mara moja.

[Muziki mfupi, sekunde 5]

Sasa tuseme kesho inatengenezwa kweli. Inafanya kazi, na inagawanywa bure kama chandarua. Je, tuwatie watoto wetu?

Tuanze na hatari yenyewe. Tunapofikiria hatari tunamwona mgeni mwenye gari anayemteka mtoto barabarani. Yupo, na tujihadhari naye. Lakini wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua: jirani, ndugu, anayempa biskuti kila siku, anayemwita aende kumchotea maji. Simu itakuonyesha mtoto yuko nyumba ya tatu kutoka kwako, nawe utatulia kwa kuwa nyumba hiyo unaijua. Simu haitakuambia kinachofanyika ndani ya nyumba hiyo. Kitakachokuambia ni kinywa cha mtoto, kama anajua kwamba akisema hatapigwa.

Hatari ya pili ni vita na safari. Mpakani mtandao unakatika, batri inaisha, na simu ya mzazi inaweza kuwa imebaki kwenye nyumba iliyoungua. Kifaa kinaweza kukosa kazi siku ile ile unapokihitaji.

La tatu ni zito zaidi. Habari ya mtoto wako ikiwekwa mahali fulani, nani mwingine anaweza kuisoma? Nchi hii tunamoishi inajua jibu. Miaka ya 1930 Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye vitambulisho vya watu. Ilionekana ni kazi ya ofisi tu, ya kupanga majina. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani neno moja ndani ya kitambulisho lilitosha mtu auawe. Baadaye Rwanda iliondoa neno hilo kwenye vitambulisho. Karatasi waweza kuificha au kuitupa. Kilicho chini ya ngozi ya mtoto utakitupaje? Aliyekimbia watu wanaomtafuta anaelewa hili bila kuelezwa: kinachokuonyesha mtoto wako, kinaweza kumwonyesha adui pia.

Hapa wengine watauliza: mbona UNHCR inachukua alama za vidole na picha za macho, hata za watoto kuanzia miaka 5? Tutofautishe. Alama ya kidole inathibitisha kwamba wewe ndiwe uliyeandikishwa. Haionyeshi uko wapi usiku huu. Hata hivyo, una haki ya kuuliza kwa heshima: habari zangu zinatumika kwa kazi gani, na nani anazipata? Kuuliza si kukataa huduma.

[Muziki mfupi, sekunde 5]

Tugeukie sasa kile ambacho kimewahi kuwarudisha watoto kweli.

Baada ya mwaka 1994, watoto kiasi cha 100,000 wa Rwanda walikuwa wametengana na wazazi wao. Wengine walikuwa ndani ya nchi, wengine Goma na Bukavu, wengine Tanzania. Simu za mkononi hazikuwapo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNICEF, Save the Children na mashirika mengine waliandika mtoto mmoja mmoja: jina lake, jina la utani, baba anaitwaje, mama anaitwaje, mlima gani, alionekana mwisho wapi na akiwa na nani. Watoto wadogo wasioweza kujieleza walipigwa picha, na picha zikaonyeshwa watu wazitazame. Na redio ilifanya kazi. Mwaka huo huo BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi, jina lenye maana ya kiunganisha familia, kikasoma majina ya waliopotezana. Makumi ya maelfu ya watoto walirudi kwa jamaa zao kwa njia hiyo.

Angalieni kilichowasaidia. Mtoto aliyejua kutaja jina la baba yake na mlima wao alikuwa na mahali pa kuanzia. Yule aliyejua kusema "mama" tu, kazi yake ilikuwa ngumu sana, kwa sababu kila mama anaitwa mama.

Kwa hiyo, wazazi wetu, nawaomba mfanye haya wiki hii. Hayana gharama.

Moja. Mfundishe mtoto jina lake kamili, na majina yenu kamili, si Mama Fulani na Baba Fulani tu. Mfundishe kijiji na namba ya nyumba yenu kambini, na huko nyumbani mlikotoka.

Mbili. Mfundishe namba moja ya simu kwa kuiimba. Mtoto wa miaka 5 anayeshika wimbo wote wa kanisani hawezi kushindwa na tarakimu kumi.

Tatu. Chagueni mahali pa kukutana mkipotezana siku ya mgao au siku ya safari. Pawe mahali pasipohama: bomba la maji, mlango wa zahanati. Mwambie: ukipotea, nenda pale, usiondoke.

Nne. Wekeni neno la siri la nyumbani. Mtu akija kumchukua mtoto shuleni akisema ametumwa na mama, mtoto amwulize neno. Asipolijua, mtoto asiende.

Tano. Mtoto akipotea, usingoje hadi kesho. Saa hiyo hiyo mwambie kiongozi wa kijiji, wahudumu wa ulinzi wa watoto kambini, na polisi kwa namba 112. Kama mlipotezana njiani wakati wa vita, nenda kwa Msalaba Mwekundu hata kama miaka imepita. Huduma ya kutafuta jamaa hailipishwi.

Sita. Ukimwokota mtoto, usimfiche kwa huruma. Kuna watu wema waliomlea mtoto bila kusema, kumbe mama yake yuko kambi ya pili akimlilia. Mwandikishe kwanza, kisha omba kumlea.

Limebaki jambo la vijana. Kuna mzazi anayesema: huyu wangu ana miaka 15, anatoroka kwenda Kigali kutafuta kazi za nyumbani, huyu ndiye wa kutiwa chipu. Namwelewa. Lakini msichana anayefuatiliwa kama mbuzi wa kamba atajifunza kuificha kamba. Ataiacha simu kwa rafiki na kuondoka. Anayejua kwamba akipata shida kwa mwajiri anaweza kupiga simu nyumbani, na neno la kwanza atakalosikia ni "uko wapi, tuje?" badala ya matusi, huyo atapiga. Simu hiyo moja inaweza kumwokoa.

Jibu langu basi ni hili: chipu hapana, hata kama ingekuwepo. Mnaoona tofauti mna haki, na tungependa kuwasikia.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, maswali ya leo ni matatu. Kwanza: kama mtoto wako angepotea leo, angeweza kumwambia mgeni nini kukuhusu? Pili: kambini kwetu ni mahali gani watoto wanaogopa kupita, na nani amewauliza? Tatu: mtoto akisema mtu mzima amemfanyia vibaya, sisi hujibu nini kwanza?

Jioni hii, kabla ya kulala, mwulize mtoto wako: mimi naitwa nani? Msikilize anavyojibu. Mungu awalinde watoto wetu.

[Muziki wa kufunga kipindi]