Mtetemo wa Gari la Chama Baada ya Kubadilishwa Transfa
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Chama chenye gari la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne hulitegemea gari hilo kwa mengi: kupeleka pembejeo, kufuata fedha za mazao, na kufika vijiji ambavyo lori haliwezi kufika wakati wa masika. Ndani ya gari hilo, nyuma ya giaboksi, kuna sanduku la pili la gia liitwalo transfa. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kwa shafti mbili za propela, moja ikienda difu ya mbele na nyingine difu ya nyuma.

Transfa ikichakaa hubadilishwa, na kwa kuwa mpya ni ya ghali, mara nyingi hufungwa iliyokwisha kutumika au ya aina nyingine. Gari hutoka gereji likienda vizuri. Lakini kasi ikifika kilometa 60 au 80 kwa saa, sakafu hutetemeka na milango hulia. Hapo ndipo fedha za wanachama huingia hatarini. Fundi huilaumu transfa, muuzaji humlaumu fundi, na Katibu hushauriwa anunue nyingine. Kumbe mara nyingi transfa haina kosa. Kosa liko katika shafti na namna zilivyofungwa.

Yafaa kuelewa kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Chukua Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Difu yake hupunguza mizunguko kwa uwiano wa 4.7 kwa 1. Tairi la 7.50-16 lina mzingo wa mita 2.5 hivi. Kwa kasi ya kilometa 80 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde, na shafti karibu mara 42, yaani mara 2,500 kwa dakika. Kitu kinachozunguka hivyo hakisamehe kosa dogo.

Tena krosi iliyo katika kila ncha ya shafti ina tabia yake. Ikifanya kazi kwa pembe, haizungushi sawasawa. Huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya ncha ya pili hufuta kosa la ile ya kwanza, kwa masharti mawili: pembe za ncha zote mbili ziwe sawa, zisipitane zaidi ya digrii moja hivi; na nyuma za shafti hiyo, yaani zile pembe za chuma zinazoshika krosi, zitazamane katika mstari mmoja, isipokuwa pale kitabu cha mtengenezaji kinapoagiza vingine. Transfa ikiwa ndefu zaidi au flenji yake ikiwa juu au chini kuliko ya awali, pembe hubadilika. Na fundi akiichomoa shafti kwenye meno yake bila kuweka alama, huweza kuirudisha ikiwa imepinda mpangilio.

Basi uchunguzi ufanywe kwa utaratibu, kila hatua ikitangulia gharama.

Kwanza, gari liendeshwe mpaka kasi ya mtetemo, kisha gia ibadilishwe. Mtetemo ukifuata kasi ya injini, utafutwe kwenye injini, klachi au raba zinazoshikilia giaboksi. Ukibaki palepale kwa kasi ileile ya gari, hata gia ikiwa huru, upo nyuma ya giaboksi.

Pili, magurudumu yapimwe na kubadilishwa nafasi. Tairi bovu hutikisa polepole zaidi, na la mbele husikika kwenye usukani.

Tatu, shafti zikaguliwe chini ya gari. Tope lililogandia, bonde dogo katika bomba la shafti, au kipande cha uzito wa kusawazishia kilichong'oka, kila kimoja chatosha kuleta mtetemo. Krosi isiwe na mchezo hata kidogo. Nyuso za flenji ziwe safi, na boliti ziwe za kipimo chake na zikazwe zote.

Nne, pembe zipimwe gari likisimama juu ya magurudumu yake mahali tambarare, likiwa na uzito wake wa kawaida. Likininginizwa kwa jeki, ekseli hushuka na kipimo huwa cha uongo. Pembe ikikosewa kwenye gari la springi za majani, kabari za chuma kati ya springi na ekseli huirekebisha. Papo hapo urefu uangaliwe: shafti ndefu mno hugonga mwisho wa meno yake gari likiruka shimo, fupi mno huchomoka.

Tano, kama bado haijajulikana, shafti ya mbele ifunguliwe na gari lijaribiwe kwa nguvu ya nyuma peke yake. Mtetemo ukitoweka, mwenye kosa amepatikana. Kwa magari yenye difu ya katikati, kama Land Rover One Ten iliyotoka mwaka 1983, difu hiyo ifungwe kwanza, la sivyo gari halitakwenda.

Onyo moja lisisahauliwe. Breki ya mkono ya Land Rover hizi iko nyuma ya transfa, wala haiko kwenye magurudumu. Shafti ya nyuma ikifunguliwa, breki hiyo haiwezi kutegemewa. Gari lizuiwe kwa magogo au mawe magurudumuni kabla mtu hajaingia chini. Wala mtetemo usivumiliwe mpaka mavuno yaishe, kwani shafti ya mbele ikikatika ncha yake ya mbele huweza kuchimba ardhi gari likiwa mbioni.

Kwa Katibu, kazi hii ina upande wa daftari. Kabla transfa haijafunguliwa, aina yake, urefu wa shafti na pembe zake viandikwe katika kitabu cha gari. Kipuri cha zamani kirudishwe chamani. Malipo ya mwisho yangoje jaribio la barabarani, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, mbele ya dereva na mjumbe mmoja wa Halmashauri. Na ombi lolote la kununua transfa ya pili liambatanishwe na matokeo ya hatua hizi tano. Pasipo hayo, Halmashauri isiliidhinishe.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Gari linalotetemeka huimaliza mali hiyo kwa kelele, na kelele hiyo ikisikilizwa kwa mpango, huonyesha yenyewe mahali pa kutengeneza.