Kusafirisha Vioo na Vipuri Vikubwa vya Magari Hadi Garissa Bila Kuvunjika

Mazungumzo kwa wenye magari, mafundi, wauzaji wa spea na wasafirishaji

 

Gari likipasuka kioo cha mbele huku kwetu, mara nyingi kioo kingine huagizwa Nairobi, umbali wa takriban kilomita 370 kupitia Thika na Mwingi. Mwenye gari aliye Dadaab huongeza kama kilomita 100 nyingine, na aliye Wajir zaidi ya 300. Kioo kikifika na ufa, hasara ni zaidi ya bei yake. Gari hukaa siku nyingine gereji, na likiwa ndilo linalobeba maji, maziwa au wagonjwa, kijiji kizima husubiri. Wengine huamua kuendelea na kioo kibovu, na jua la jioni likigonga ule ufa dereva haoni ng'ombe wala mtoto aliye mbele yake.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Kikivunjika hakimwagiki, ila kikipata ufa, ufa huo hutambaa. Udhaifu wake uko kwenye kingo. Jiwe dogo au ncha ya chuma ikigusa ukingo, ufa huanzia hapo na huenda usionekane mpaka gari lipite tuta la tatu. Vioo vya milangoni ni vya aina nyingine: vikigongwa ukingoni huvunjika vyote mara moja, vikawa punje ndogo ndogo.

Kwa hivyo kioo husafirishwa kikiwa kimesimama, hakilazwi. Kikilazwa, uzito wake na mtikisiko wa barabara hukipinda katikati. Fundi mzoefu hufunika kingo zote kwa sponji au katoni iliyokunjwa, hukizungushia blanketi, kisha hukiweka ndani ya fremu ya mbao. Chini ya fremu huwekwa mpira au kipande cha godoro. Ndani ya lori, ukingo mmoja wa kioo huelekea mbele ya gari, ili dereva akifunga breki uso wa kioo usisukumwe. Kamba hufungwa kwenye fremu, si kwenye kioo. Mzigo mwingine hauegemezwi juu yake, na juu ya karia ya basi si mahali pake.

Bampa, dashibodi na taa zina adui mwingine, nalo ni joto. Plastiki iliyokazwa kwa mkanda na kuachwa kwenye jua la nyuzi zaidi ya 35 hulegea, na ikipoa hubaki na umbo lililopinda. Bampa ijazwe magunia makavu kwa ndani, ifunikwe turubai na ifungwe kwa mikanda mipana. Taa zifungwe moja moja, kwa kuwa masikio yake ya kushikia skrubu ndiyo hukatika kwanza. Injini na giaboksi humwagwa oili kabla ya kupakiwa, na hazipangwi pamoja na vioo.

Msimu nao uangaliwe. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Mto Tana yalifunika barabara upande wa Madogo, watu na mizigo wakavushwa kwa mashua. Kila mara mzigo unaposhushwa na kupakiwa upya, nafasi ya kuvunjika huongezeka. Mvua ikizidi, ni heri kioo kikae ghalani Nairobi mpaka njia ifunguke.

Jambo la mwisho ni ugomvi unaotokea mzigo ukifika umevunjika. Muuzaji husema kilitoka kizima, dereva husema alikipokea hivyo, na utingo hajulikani aliko. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya lori kuondoka, kipuri kipigwe picha pande zote mbele ya dereva. Risiti ya usafirishaji iandikwe aina ya kipuri, thamani yake, neno "kioo" na nani atalipa kikivunjika. Kikifika, kifunguliwe hapo hapo kituoni, kingo zipapaswe kwa kitambaa na kuangaliwa mchana, ndipo mpokeaji atie sahihi. Aliyekwisha kutia sahihi kabla ya kufungua ana kazi ngumu ya kuthibitisha madai yake.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro zake. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili. Lakini picha na risiti humaliza kesi nyingi papo hapo kituoni, kabla haijafika kwa wazee wala mahakamani.

Mwenye gari aulize swali moja kabla ya kulipa nauli ya mzigo: kioo hiki kitasimama wapi ndani ya lori? Msafirishaji asiye na jibu asipewe kioo.