Treni Zilizokuwa na Majina

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya reli za Uingereza, nami nimechagua treni zao zilizokuwa na majina. Wengi mkisikia Flying Scotsman huwaza injini, ile namba 4472 iliyoundwa Doncaster mwaka 1923. Lakini treni ni kongwe kuliko injini. Tangu 1862 iliondoka London saa nne asubuhi kwenda Edinburgh, na watu waliiita hivyo kwa mazoea kabla kampuni haijalikubali jina hilo rasmi mwaka 1924.

Tarehe 1 Mei 1928 ilianza kwenda kilomita 632 bila kusimama, wakati wa kiangazi. Sasa, nani awezaye kutia makaa kwa saa nane mfululizo? Mhandisi Nigel Gresley aliacha ujia mwembamba ndani ya gari la makaa, ili dereva na mtia makaa wa pili watoke kwenye mabehewa ya abiria na kupokea zamu huku treni inakwenda. Ndani alikuwamo hata kinyozi! Lakini treni hiyo maarufu ilikwenda polepole kwa makusudi. Kampuni zilizokuwa zikishindana zilikuwa zimepatana kwamba safari ya mchana isipungue saa nane na robo, na mapatano hayo yalidumu hadi 1932. Pigeni hesabu, vijana: ni kama kilomita 77 kwa saa. Na treni za watu wa vijijini ziliwekwa kando ili mkubwa apite.

Kuanguka kwake kulikuja baada ya vita. Brighton Belle ilikuwa na mteja mmoja, mwigizaji Laurence Olivier, aliyeteta hadharani samaki wa moshi walipoondolewa kwenye kifungua kinywa. Samaki walirudi, treni ilikufa tarehe 30 Aprili 1972. Golden Arrow iliifuata mwaka huohuo. Kisha mwaka 1976 zikaja treni za dizeli za kilomita 200 kwa saa, zikawa zinaondoka saa baada ya saa. Ikiwa zote zina mbio, ya nini kuipa moja jina?

Mimi siililii ile saa nane na robo. Abiria wa saa nane mchana leo anapata kile alichopata yule wa saa nne tu. Ninachosikitikia ni kwamba treni yenye jina ikichelewa, tangu dereva hadi mfagiaji wa stesheni waliona haya. Treni ya saa fulani ikichelewa, nani huona haya?

Mwaka 2011 jina la Flying Scotsman lilirudishwa kwa treni ya kutoka Edinburgh saa 11.40 alfajiri, ikafika London kwa saa nne. Ilikuwa ya kwenda London tu; ya kurudi haikupewa jina. Na kinyozi hakurudishwa.

Naona mpishi ananipungia mkono.