Daktari Asiyekuwa na Dawa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya kuniita hapa ilikuja na jina langu likiwa limetanguliwa na neno "Dakta". Hapana budi nianze kwa kulifuta. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Nasomea udaktari wa falsafa, huu mwaka wa sita, kwa saa zinazobaki baada ya kazi za ofisi, na bado sijamaliza. Nimebakiwa na miezi minane ya usajili.

Jina hili limekwisha kuniletea taabu. Mwaka juzi nilipokuja likizo Kyela, mama mmoja jirani alisikia kwamba mtoto wa nyumba yetu amekuwa daktari, akaniletea mjukuu wake mwenye homa. Tukapanda bodaboda kwenda hospitali. Njiani akaniuliza, "Kama hutibu, baba, huko chuoni unasoma nini?" Nikamjibu kwamba nasomea kuuliza maswali. Akanyamaza mpaka tulipofika.

Wadogo zangu, mtakutana na watu wengi wenye shahada hiyo ambao hawakusoma falsafa hata siku moja. Mtaalamu wa udongo anaitwa daktari wa falsafa, na mtaalamu wa samaki kadhalika. Sababu ni ya kihistoria. Katika vyuo vikuu vya Ulaya ya zamani vitivo vikubwa vilikuwa vitatu, yaani dini, sheria na uganga. Elimu nyingine ziliwekwa chini ya falsafa. Wajerumani ndio walioikuza shahada hii kuwa ya utafiti, Marekani wakaichukua, na chuo cha Yale kikaitoa kwa mara ya kwanza huko mwaka 1861. Mimi nimo katika kundi dogo la wanaosomea falsafa yenyewe, na swali la yule mama nililisikia pia kwa wakubwa wangu kazini, ila wao waliliuliza kwa maandishi.

Afrika Mashariki ina watangulizi katika njia hii. Padre Alexis Kagame wa Rwanda alipata udaktari wake Roma mwaka 1955. Hakuanzia kwa Wagiriki tu. Aliichukua lugha ya mama yake akaipekua. Aliona kwamba maneno yote ya vitu vilivyopo yanaingia katika mafungu manne: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisichokuwa na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Sisi tunaosema mtu, kitu na mahali hatuhitaji mkalimani hapo. Baada yake alikuja Henry Odera Oruka wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1944. Alikwenda Uppsala, Uswidi, kusoma sayansi, falsafa ikamteka, akapata udaktari mwaka 1970 na kurudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye alikwenda vijijini kuwahoji wazee, akawagawa makundi mawili: mzee anayejua mila na kuieleza vizuri, na mzee anayeijua kisha akaihoji. Huyu wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa, ajue kusoma au asijue. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1990. Mwenyewe alifariki mwaka 1995.

Nilipoanza, nilidhani nitafanya hivyo hivyo kwetu, tena kwa urahisi, maana kwetu kumeandikwa sana. Godfrey Wilson, ambaye alisoma falsafa Oxford kabla ya kuingia katika elimu ya jamii, alifika Unyakyusa mwaka 1934. Mkewe Monica alimfuata baada ya ndoa yao mwaka 1935, wakafanya kazi mpaka 1938, wakisaidiwa na wenyeji kama Leonard Mwaisumo, ambaye jina lake lilistahili kujulikana zaidi hapa kwetu. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akatoa kitabu juu ya vijiji vya rika mwaka 1951.

Vijiji hivyo wengi wenu mmevisikia kwa babu zenu. Wavulana wa miaka 10 au 11 waliondoka kwa wazazi wakajenga vibanda vyao pamoja, wakawa wanalala huko, ila kula wakaenda kwa mama zao kwa makundi, leo nyumba hii, kesho ile. (Sisi tuliolala bwenini tungeipenda sana sehemu hiyo ya pili.) Sababu iliyotolewa ilikuwa ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao. Katika mazungumzo hayo ndimo mtu alimopata amahala, hekima. Aliyekula peke yake hakuwa na mahali pa kuipata.

Na kijiji hicho kilikuwa na namna yake ya kuhukumu, imbepo sya bandu, pumzi ya watu. Mtu akivunja heshima, kwa mfano akimtukana baba yake, wenzake walinung'unika. Manung'uniko yao, iliaminiwa, yalimwingia kama ubaridi naye akaugua. Mimi nikaandika sura mbili, kwa miaka mitatu, nikieleza kwamba hiyo ilikuwa sheria kamili isiyohitaji polisi wala gereza. Msimamizi wangu alizisoma akasema zimeandikwa vizuri, ila haoni nilipobisha jambo lolote.

Nikaenda Ipinda kwa mzee mmoja aliyepita miaka 80, nikijua atanithibitishia. Tulikaa chini ya mwembe wake karibu na mashamba ya mpunga, nikamsomea kwa Kinyakyusa yale niliyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Umesoma vizuri. Sasa na mimi nikuulize. Watu wakimpumulia mtu akaugua, halafu ikaonekana kwamba hakukosa. Wao nani aliwapumulia?"

Nikajibu kama kitabu kinavyosema, kwamba nguvu ileile ikitumiwa bila haki iliitwa uchawi.

"Huo ni uchawi wa mtu mmoja," akasema. "Mimi nakuuliza juu ya wote."

Sikuwa na jibu. Nilirudi Kyela na basi la jioni. Nilijua kwamba sura zangu mbili zimekwisha, na nilijua pia kwa nini swali lile limenichoma namna ile, kwa sababu lilikuwa limenihusu tangu zamani.

Wenzangu tuliokaa bweni moja mtakumbuka. Tulikuwa Kidato cha Tatu. Fedha za ada za mwenzetu zilipotea sandukuni, na tukaamua, bila kikao, kwamba ameziiba fulani, kwa kuwa alikuwa maskini kuliko sisi. Hatukumpiga. Hatukumshitaki kwa mwalimu. Tuliacha kusema naye. Alipoweka sahani mezani, meza ilihama. Uwanjani hakupewa mpira. Akiuliza saa, hakuna aliyejibu. Wiki ya tatu akashikwa na malaria, na wapo waliosema, "Mnaona?" Mimi nilikuwa mmoja wao. Baba yake alikuja kumchukua kwa baiskeli. Hakurudi. Muhula uliofuata fedha zilionekana ndani ya jalada la atlasi ya mwenyewe aliyezipoteza. Tulicheka kidogo, kwa haya, halafu tukaendelea na masomo.

Kwa hiyo nimeanza upya. Mnamo mwaka 399 kabla ya Kristo, raia wa Athens wapatao 500 walikaa kama mahakama wakamhukumu Socrates afe. Plato, mwanafunzi wake, ameandika mazungumzo yanayotokea muda mfupi kabla ya kesi, ambamo Socrates anauliza: jambo ni takatifu kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni takatifu? Mahali pa miungu weka wanakijiji, au weka bweni, utapata swali la mzee wa Ipinda. Je, mtu ana hatia kwa kuwa sote tumekubaliana?

Ninachojaribu kubisha sasa ni hiki. Kama hekima hupatikana katika ukwangala, na ukwangala ni mazungumzo, basi kundi linaloacha kusema na mtu limejinyima kile ambacho lingemhukumia. Limebaki na pumzi tupu. Nilimpelekea mzee hoja hii mwaka jana. Alifurahi kidogo, kisha akaniuliza kama huyo Socrates wangu hakupewa nafasi ya kusema. Alipewa, nikamwambia, alisema sana, wakamwua vilevile. "Basi bado hujamaliza," akasema. Ndiyo sura ninayoandika sasa, na ndiyo maana ile bahasha ilikosea.

Ninyi mnaosoma sasa mtataka kujua kama inafaa. Mshahara hauongezeki sana. Ruhusa ya masomo niliombwa nieleze itaisaidiaje ofisi, nikaandika kurasa nne ambazo hata mimi sikuziamini. Mke wangu amelea watoto akiwa na mume aliyepo nyumbani lakini hayupo. Na mwisho wake utasimama mbele ya watu waliosoma kila mstari wako, kazi yao ikiwa ni kutafuta ulipokosea. Kwangu hilo la mwisho ndilo linalonivuta. Sijui mahali pengine ambapo mtu analipwa kukwambia umekosea kabla hujamdhuru mtu.

Nimemaliza, isipokuwa jambo moja. Yule mwenzetu nilimtafuta. Yuko Matema, ana mitumbwi miwili na anauza mbasa. Nilimweleza kwamba yumo katika tasnifu yangu bila jina, akasema niandike, ila nisimfanye mtu wa kuhurumiwa. Nilimwalika leo. Alisema yeye hakumaliza hapa, kwa hiyo mkutano huu haumhusu.

Ndugu Mwenyekiti, katiba yetu inamtambua mwanachama kuwa ni aliyehitimu. Nimeandika ombi kwamba kifungu hicho kibadilishwe kiwe aliyesoma hapa, na jina lake liingizwe katika daftari mwaka huu. Katibu anayo karatasi. Wenzangu watatu wa bweni lile wamekwisha kutia sahihi, na wengine wawili nawaona wamekaa safu ya nyuma.