Ukuta wa Kukandika na Ukuta wa Kubomoa



Nimetakiwa kusema machache juu ya kuta za nyumba zetu, kwa kuwa wengi huomba mkopo wa saruji mara waonapo ufa.

Kericho hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Maji ya paa huruka kutoka ardhini na kuupiga ukuta chini. Hapo ndipo udongo huanza kubanduka. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, twaa kisu uchome nguzo palipo na unyevu. Kisu kikikataa kuingia, nguzo ni nzima: chimba mfereji wa maji, kisha kandika upya kwa udongo na samadi, kazi ambayo mama zetu huijua kuliko fundi yeyote. Kisu kikizama kama katika kiazi kilichochemshwa, nguzo imeoza au imeliwa na mchwa. Hapo usikandike, bomoa, usije ukuta ukawaangukia watoto usingizini.

Lipu ya saruji juu ya udongo ndiyo itudanganyayo. Udongo hutanuka na kusinyaa, saruji haiufuati; huachana, na unyevu hufungiwa ndani ukiozesha nguzo pasipo mtu kuona. Nyumba hiyo hupendeza wageni tu.

Sakafu ni shauri jingine. Funza hukua katika vumbi la udongo, kwa hiyo saruji hapo ni mali, mradi chini yake pashindiliwe mawe.

Naomba Halmashauri isipitishe mkopo wowote wa ukuta kabla mjumbe hajafika nyumbani na kisu chake.